Karatasi Niliyokataa Kuitia Dole

Poli, Meru,
Arusha.
Jumanne, 12 Agosti 1997.

Mpendwa mdogo wangu Abdiel,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Je, wewe na mama Princess mnaendeleaje na joto la huko Mtwara? Na yale malaria yaliyokulaza mwezi wa sita yamekuacha kabisa, au bado yanakurudia? Princess naye nasikia ameanza darasa la kwanza na viatu hataki. Mwambie shangazi yake alifika darasa la nane miguu mitupu, kwa hiyo asimsumbue mama yake kwa kilio, avae au asivae, ila asome.

Sisi huku ni wazima. Baridi ya mwaka huu imetukamata hasa, mlima hatujauona siku tisa, na ukungu unashuka mpaka mlangoni mwa zizi. Ng'ombe amezaa dume, nami nilikuwa nikiomba jike. Kahawa tumeanza kuchuma lakini wengi hapa jirani wanaing'oa wapande nyanya, maana siku hizi anakuja kununua kila mwenye mizani na lori, na kila mmoja anasema lake. Mimi ya baba sijaing'oa. Goti langu la kushoto linalalamika kama ulivyoliacha.

Sasa tuje kwenye barua yako iliyofika Alhamisi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama, mara ya pili nikakaa, na mara ya tatu nikampa mpwa wako Brayson anisomee kwa sauti, nikidhani labda ni miwani yangu. Kijana akasoma vilevile. Unanitaka niende kituoni kabla ya siku ya kesi, nitie dole gumba kwenye ile karatasi, mambo yaishe, kwa sababu huko ofisini unatazamiwa kupandishwa cheo na hutaki lisikike jina la dada yako mahakamani.

Abdiel, nakupenda, na ndiyo maana nakuambia wazi. Sikwenda. Karatasi ile sikuitia dole mwezi wa sita, sikuitia wiki iliyopita, na sitaitia. Kesi ilikuwa jana. Nitakueleza yote tangu mwanzo, maana naona mpwa wako Lydia alipokupigia simu kutoka Kijenge alikupa nusu, na nusu yenyewe alilia.

Ilikuwa Jumatano ya tarehe kumi na nane mwezi wa sita. Tulikuwa wanawake kumi na wawili juu ya pikapu ya Elinami, tumekaa juu ya mikungu kama kawaida, tunakwenda sokoni mjini. Kila mmoja na kisu chake cha kukatia chana. Wewe umezaliwa humu, hujasahau kwamba mkungu husafirishwa mzima. Ukizikata chana shambani, zinagongana njiani, zinachubuka, na ukifika sokoni umeleta ndizi nyeusi. Kwa hiyo unakata mbele ya mteja. Na kisu huwezi kukiacha sokoni, pale hata kigoda ukikiacha kinaondoka chenyewe.

Kabla ya kuingia mjini tukakuta kizuizi, askari wawili na mgambo. Walikuwa na tangazo jipya. Mtu yeyote asipande gari akiwa na panga, kisu, sime wala rungu. Sikatai, Abdiel, usije ukasema dada yako ni mtu wa kupinga kila kitu. Mwezi wa nne majambazi walisimamisha basi kwa mapanga, na mtoto wa jirani yetu mpaka leo hawezi kukunja vidole vya mkono wa kulia. Serikali isipofanya kitu tutasema imelala. Lakini jambazi hakai juu ya mikungu ya ndizi mshare saa kumi na mbili asubuhi na kikapu cha uji mapajani.

Wakati tunateremshwa, nyuma yetu likaja Landkruza la mmoja wa hao matajiri wa mawe ya thamani. Kioo kikashuka. Bastola ilikuwa kiunoni, wazi, kama funguo. Askari akapiga saluti, gari likapita. Nikauliza, je, ile si silaha? Nikajibiwa kwamba ile ina kitabu cha kibali. Basi nikajua kosa letu siku ile ni kukosa kitabu.

Visu vyetu vikatiwa kwenye kiroba, na sisi tukapelekwa kituoni. Hapo ndipo palipokuwa na meza, kidau cha wino, na rundo la karatasi zilizokwisha pigwa chapa. Ukitia dole unapewa kisu chako, unawahi soko. Marta alikuwa wa kwanza. Marta yule wa bonde la pili, mjane wa fundi mwashi, unamjua. Hajui kusoma. Akatia dole, akafuta wino kwenye khanga, akachukua kisu, akatoka. Wa pili, wa tatu, hivyo hivyo mpaka kumi na mmoja.

Ilipofika zamu yangu nikaomba kuisoma. Askari alishangaa kidogo lakini akanipa. Ilikuwa imeandikwa hivi: "Nakiri kwamba leo nimekutwa nimebeba silaha hadharani kwa nia ya kudhuru watu."

Nikamuuliza, "Mwanangu, ni nani huyo ninayetaka kumdhuru?"

"Mama, hayo ni maneno ya karatasi tu. Siyo maneno yako."

"Kama siyo maneno yangu, kwa nini dole liwe langu?"

Akaniambia nisimcheleweshe. Nikamwambia nitatia sahihi, maana kuandika najua, lakini aandike kwamba nilikuwa na kisu cha ndizi na nilikuwa naenda kuuza ndizi. Akasema karatasi ni moja kwa watu wote. Nikasema basi hiyo ya watu wote haina jina langu.

Alikuwa kijana, kwao ni mbali, huko ambako mgomba labda wanauona kwenye kitabu cha shule. Alikasirika. Akakitoa kisu changu kirobani, akakigeuza, akaona madoa meusi kwenye bapa na kwenye mpini, na pale pale akaandika kwenye daftari lake, huku akitamka neno kwa neno, kwamba mama huyu amekutwa na kisu chenye madoa yanayodhaniwa kuwa damu.

Hapo nilifanya kosa, na hilo nakiri bila karatasi. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Utomvu wa ndizi kuitwa damu! Huo utomvu uliomo kwenye kila nguo niliyowahi kuwa nayo, ambao mama alitupiga kwa ajili yake kila tulipovaa shati la kanisani kwenda migombani. Kama nisingecheka labda angeniacha. Lakini mtu mwenye kalamu ukimcheka mbele ya wenzake hakusamehe. Nikalala mahabusu siku ile, ndizi zangu Marta akaniuzia, na kesho yake Lydia akaja kunidhamini.

Niliogopa, usidhani sikuogopa. Ila kuogopa na kusema uongo ni vitu viwili.

Umeniandikia kwamba hata Wamasai wamenyang'anywa sime na hawakupiga kelele. Si kweli. Lemayian, mlinzi wa maduka pale karibu na soko, alinyang'anywa siku ile ile. Tajiri wake alipiga simu moja, na sime ikarudi kabla ya jioni. Lemayian mwenyewe alinifuata akaniambia, "Mama, mimi nimerudishiwa kwa sababu nalinda mali ya mtu. Wewe unalinda nini?" Nikamwambia nalinda jina. Akacheka, akasema jina halina simu.

Na watalii je? Maduka ya pale mnara wa saa yanauza mikuki na sime, mzungu anatoka amezikumbatia kama kuni, anapanda gari lake anakwenda uwanja wa ndege. Na siku ya Nane Nane, juzi tu, mfanyabiashara alikuwa ametandaza visu vya kutoka ng'ambo, seti nzima, vya kukata mkate, vya kukata nyama, na wakubwa wakasimama kuvishika na kusifu soko huria. Unanunua, unafungiwa kwenye gazeti, unapanda gari, unaondoka. Kisu kikiwa kipya ni maendeleo. Kikishakata ndizi miaka thelathini kinakuwa silaha.

Basi jana nikasimama mbele ya hakimu. Mahakama ilijaa, maana soko la Jumatatu huwa limepoa na wenzangu wengi walikuja. Marta alikaa nyuma karibu na dirisha. Wazee wa baraza walikuwa wawili, mmoja wao Mzee Sumari, yule mwenye shamba juu ya kisima, mtu asiyesema mpaka aulizwe.

Askari alitoa ushahidi wake vizuri, hakuzidisha sana. Kisha akatoa karatasi kumi na moja. Akasema, "Mheshimiwa, wenzake wote waliokuwa kwenye gari hilo walikiri kwamba walibeba silaha kwa nia ya kudhuru watu. Ni huyu peke yake anayekataa."

Nyuma Marta akasimama. Hakuomba ruhusa. Akasema, "Mimi nilikiri nini?" Hakimu akamwambia akae, zamu yake haipo. Marta hakukaa. Akasema tena, "Naomba nisomewe. Mimi nilikiri nini?" Ikabidi mgambo amshike mkono amkalishe.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo hata mimi nilikuwa sijaliona. Nilidhani nimekataa kwa ajili yangu. Kumbe madole yale kumi na moja yaliwekwa akiba, na kila atakayekataa atapigwa nayo. Na ningetia langu, yangekuwa kumi na mawili, ya kumpigia mwanamke mwingine wa Jumatano nyingine.

Nilipopewa nafasi ya kuuliza, nikamuuliza askari kama hayo madoa aliyapima. Akasema yanaonekana kwa macho. Nikafungua kikapu nikatoa khanga yangu ya sokoni, ile ya rangi ya maziwa ambayo haina tena rangi ya maziwa, nikaitandaza mezani kando ya kisu. Nikasema, "Mheshimiwa, kama hii ni damu, basi mimi nimeua watu tangu mwaka sitini na tisa, na nimewaulia sokoni, mchana, mbele ya wateja."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Lakini Mzee Sumari aliomba kisu. Akakikwaruza kwa ukucha, akanusa, akakirudisha. Akasema kwa sauti ile yake ndogo, "Huu ni utomvu. Mke wangu anao mikononi hata sasa." Askari akaangalia chini. Nilimhurumia kidogo, kijana wa watu, hakuna aliyemfundisha.

Ungedhani imekwisha. Haikwisha. Hakimu akasema damu haikuthibitishwa, na nia ya kudhuru haikuthibitishwa, lakini tangazo ni tangazo, kisu kilikuwa ndani ya gari, kwa hiyo kosa la kubeba lipo. Mzee Sumari hakukubali, yule mwenzake akakubali na hakimu, ikawa wawili kwa mmoja. Nimeachiwa kwa sharti la kutorudia kosa hilo kwa miezi kumi na miwili. Nikirudia, nitaitwa tena na nitafungwa. Kisu kimechukuliwa na hakitarudi.

Kile kilikuwa kisu cha mama, Abdiel. Mpini ulikuwa umeingia shimo la dole gumba lake, na langu lilikaa humo humo. Hicho kimeniuma kuliko hukumu. Nililia nikiwa nimesimama, na sikufuta machozi, waache wayaone.

Hakimu akaniuliza kama nimeelewa sharti. Nikamjibu, "Nimeelewa, Mheshimiwa. Lakini keshokutwa ni Jumatano. Nina mikungu saba imekomaa. Nitarudia."

Akasema, "Mama, sijakusikia. Nenda nyumbani."

Nikadhani kweli hakunisikia, nikasema kwa sauti kubwa zaidi, "Nitarudia!" Karani akainua kalamu akauliza aandike nini. Hakimu akavua miwani, akajifuta macho, akasema, "Andika kwamba mshtakiwa ameelewa." Basi ndivyo ilivyoandikwa, na kwa mara ya kwanza katika kesi hii kimeandikwa kitu cha kweli.

Tulipotoka nje Marta alinisubiri kwenye ngazi. Akaniambia nimsomee kwa moyo, maana karatasi imebaki ndani. Nikamwambia yote kama ilivyoandikwa, kwamba siku ile alitoka nyumbani kwake na nia ya kudhuru watu. Marta aliyelea watoto wa wenzake watatu! Tukatembea mpaka barabarani. Kisha akasema, "Nataka dole langu." Nikamwambia dole haliondoki kwenye karatasi. Akasema, "Basi watanieleza wao."

Leo asubuhi amekuja hapa kabla sijakamua. Mimi kisu kipya ninacho, fundi chuma wa Nduruma alinitengenezea kwa springi ya gari tangu mwezi uliopita, bado mpini wake unanichoma mkono. Tumekubaliana hivi. Kesho tutapanda pikapu ya Elinami na visu vyetu, na hatutaviweka chini ya majani wala ndani ya kikapu. Vitakaa juu ya ndizi, mahali pa kuonekana. Wengine hatukuwashawishi, kila mtu ana watoto wake. Tutakuwa wawili. Tukifika kizuizini Marta atauliza karatasi yake iko wapi, na mimi nitakuwepo kuisoma.

Umenikumbusha methali, mkono usioweza kuukata, ubusu. Ni methali nzuri kwa mwenye shida na mikono ya watu. Mimi sikwenda kukata mkono wa mtu, nilikwenda kukata ndizi, kwa hiyo sina wa kumbusu.

Kuhusu cheo chako, naomba upate, na naomba kwa moyo mweupe. Mkubwa wako akikuuliza kama yule mwanamke wa kesi ya kisu ni ndugu yako, usimwambie kwamba ni jina tu limefanana. Nilikukatia ndizi mpaka ukavaa tai. Sikudai kitu kwa hilo, ila usinikane.

Nikikamatwa kesho, usihangaike kutafuta mtu wa kumwona wala mtu wa kumpigia simu. Brayson ataangalia ng'ombe, Lydia ataniletea uji. Wewe una kazi moja. Princess akiuliza shangazi yuko wapi, usimwambie nimesafiri, na usimwambie naumwa. Mwambie shangazi amefungwa kwa sababu alikata ndizi na akakataa kusema aliua mtu. Umwambie hivyo hivyo, na umruhusu aseme shuleni.

Nisalimie sana wifi yangu Sia, mwambie mbegu za maboga nimeshamtengea. Salamu nyingi kwa Hans na wote wa Mtwara wanaotufahamu. Hapa Brayson anakusalimu, Lydia anakusalimu na anasema hatalia tena kwenye simu, Marta naye anasema salamu zake uzipokee ingawa hajazitia dole. Mungu aliyemlinda mama yetu miaka yote akishuka mlima huu na mkungu kichwani na kisu mkononi, akulinde na wewe kwenye kiti chako, na akupe siku moja kusimama.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukiwa mwoga,

Esther.